Shemasi Asiyeonekana wa Got Nyuka

Muhuru Bay, Migori
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa Orpah wangu, fundi wa nguo, soko la Rangwe,

Salamu nyingi kuliko omena walioanikwa hapa ufukweni leo. Ni mimi Motari. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu ikifika huku inajifanya Mtanzania, inakamata mtandao wa ng'ambo na kula salio lote kabla sijasema haloo. Tena wewe mwenyewe ulisema mambo ya ndoa unayataka kwa karatasi. Haya, shika karatasi.

Habari ni hii: barua yangu ya ushirika imetoka! Kanisa la hapa wameisoma Sabato mbili, kama utaratibu unavyotaka, na wakapiga kura niachiliwe nihamie kanisa lenu. Wengine waliinua mikono yote miwili. Sijui ni upendo au wamenichoka. Karani wetu Maroa ameiandika kwa mkono wake, ule mwandiko wa kuku aliyekanyaga matope, na amempa Metrine, mchuuzi wa samaki mwenzangu, aipeleke pamoja na magunia ya omena.

Kwa hiyo mwambie Mzee Masese wa kanisa lenu atulie. Najua amesema asipoishika barua yangu mkononi hatatangaza majina yetu tarehe 28 Juni. Ataishika. Najua pia kile ambacho wewe hukisemi. Ulishatangazwa hapo mara moja, yule mtu hakutokea, ukabaki umesimama mbele ya kanisa na gauni ulilojishonea. Mimi si yule. Mimi sipotei, Orpah. Nimeuza samaki Mwanza, nimeuza Kampala, na siku moja watalii wa Kizungu waliniuliza njia nikawaelekeza kwa Kiingereza safi mpaka wakaogopa kurudi kuniuliza tena.

Shona gauni. Shona na kiuno changu pia, yaani suruali. Nimenenepa kidogo kwa furaha.

Wako asiyepotea,
Motari

*

Kanisa la Got Nyuka, njia ya Kendu Bay
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Ndugu Motari, kwa mkono wa Orpah, fundi wa nguo, Rangwe

Mpendwa katika Bwana,

Hujambo, nyathina? Mimi ni Mama Rispa, karani wa kanisa. Nakuita mwanangu ingawa hatujaonana, kwa sababu sasa wewe ni wetu.

Barua yako ya ushirika tuliipokea kutoka kwa dada mmoja muuza omena aliyesali nasi Sabato. Juu ya bahasha imeandikwa "Kwa Karani wa Kanisa, Homa Bay". Mimi ni karani, na hapa ni kaunti ya Homa Bay. Ndani tukasoma kwamba ndugu Motari, mwaminifu, mwenye nguvu, mwenye maneno mengi, anahamia kanisa lenu, na kwamba anapatikana kwa Orpah wa Rangwe. Tuliisoma Sabato ya kwanza, tukaisoma ya pili, tukakupigia kura. Hakuna mkono uliopinga.

Kisha, kwa vile barua ilisema una nguvu, kamati imekuchagua uwe shemasi mkuu. Usikatae. Shemasi wetu ni Mzee Oliver, na macho yake yameondoka. Siku ya kutawadhana miguu alimwaga maji yote ndani ya viatu vya mchungaji. Huku waliobaki ni sisi akina mama wakongwe na huyo Oliver. Tuliomba Mungu atupe mwanaume mmoja tu anayeweza kupanda juu ya paa, na barua yako ikaja.

Mama Nyamusi amekutandikia chumba. Huyu aliolewa huku kutoka Kisii, na tangu dada yake afariki hana mtu wa kuzungumza naye lugha ya kwao. Aliposikia jina Motari, jina la kwao, alisimama katikati ya ibada akaimba peke yake.

Sabato iliyopita tulikungoja tena na kuku wa watu akapoa. Kama ni Rangwe inayokushika, iambie ikuachilie. Nafasi yako iko huku.

Wako katika kazi ya Bwana,
Rispa, Karani

*

Rangwe
Jumatano, 11 Juni 2025

Motari,

Nakutumia barua yako iliyotoka Kendu Bay. Niliifungua kwa sababu ililetwa mlangoni kwangu na nikadhani ni mambo ya harusi. Hongera kwa ushemasi mkuu.

Kumbe barua yako ya ushirika ilitoka kweli. Ilitoka ikaenda kwingine. Mtu hapeleki barua hiyo ovyo, Motari, tunajuana. Anaipeleka mahali anataka kukaa mpaka azikwe. Ungesema tu kwamba umebadilisha nia. Mimi ni mtu mzima, ningelia wiki moja na kurudi kwa cherehani.

Yule wa kwanza angalau alinyamaza. Wewe umenichekesha kurasa mbili, ukaniagiza nikushonee suruali, na huku unaandaliwa kitanda Got Nyuka, mahali ambapo hata sijui ni wapi.

Mzee Masese alipita dukani kuniuliza kama barua imefika. Nilimwambia angoje hadi asubuhi ile ya tarehe 28. Si kwa ajili yako. Nilishindwa tu kumtamkia maneno yale mara ya pili.

Nimeanza kufumua gauni. Kitambaa ni kizuri, kitawatosha watoto wa kwaya. Simu yako nimeifungia, usihangaike.

Orpah

*

Muhuru Bay
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa Mama Karani Rispa, kwa heshima zote,

Mama, mimi ndiye shemasi wako asiyeonekana. Niko hai, niko Muhuru Bay, na mchumba wangu anakaribia kuniua kwa barua.

Mama yangu, mimi si wenu! Mimi ni wa Rangwe. Namwoa Orpah, huyo huyo fundi uliyemtumia barua. Ile bahasha ilikuwa ya kanisa lao. Nilimshika Maroa nikamuuliza, wewe karani gani unaandika Homa Bay tu, kama vile Homa Bay ni nyumba moja ina mlango mmoja? Akaniambia, "Si wanajuana wote kule?" Nikamfuata Metrine, nikamuuliza kwa nini aliishusha barua Kendu Bay. Alinitazama kama mimi ndiye mjinga. "Motari, kwani kuna mbingu ya Rangwe na mbingu ya Kendu Bay? Sabato ilinikuta pale, kanisa lilikuwa pale, nikatoa barua ya kanisa. Ulitaka nibebe barua Sabato kama mzigo?"

Fikiria mimi, mama. Nimepitisha magunia nchi tatu. Maafisa wa mpakani wananijua kwa jina na wananiogopa kwa hoja. Hakuna hata gunia langu moja lililowahi kushushwa stendi si yake. Leo aliyeshushwa ni mwenye magunia.

Nacheka, lakini usinione nacheka. Nilipofika pale Orpah anaandika kwamba anafumua gauni, nilikaa juu ya mashua iliyopinduliwa mpaka watu wakaja kuniuliza ni nani amekufa. Yeye aliwahi kuachwa mbele ya kanisa lile lile, mbele ya watu wale wale. Barua yangu isipofika mkononi mwa Mzee Masese kufikia asubuhi ya tarehe 28, hawatatutangaza, na yeye ataamini amechekwa mara mbili. Simu yangu ameifungia. Barua zangu atazichoma. Mimi niko tayari kuitwa mjinga kuanzia hapa mpaka Kisumu, lakini yeye asiaibike.

Nirudishie barua yangu, nakuomba kwa magoti, na magoti yangu ni makubwa.

Mwambie Mama Nyamusi bwakire buya, salamu ya kwetu. Mwambie nasikitika kuhusu kitanda. Na yule kuku.

Motari

*

Got Nyuka
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa Motari,

Ero kamano kwa barua yako. Nimeisomea kanisa lote, isipokuwa pale ulipomsema karani mwenzangu. Tulicheka hadi Oliver akauliza ni ubatizo wa nani.

Lakini sikiliza, nyathina. Barua ya ushirika hairudishwi kama sufuria iliyoazimwa. Ulishapigiwa kura, wewe ni mshiriki wa Got Nyuka na ni shemasi wetu, upende usipende. Ili uondoke, lazima tukuachilie, na kuachilia kunasomwa Sabato mbili. Jana tulisoma mara ya kwanza. Ya pili, pamoja na kura, ni tarehe 28 yenyewe. Nilimpigia mchungaji kumuuliza kama tunaweza kuruka Sabato moja. Alisema utaratibu ni utaratibu, na mimi nilijua atasema hivyo, maana mimi ndiye niliyemfundisha.

Sitaficha kwamba Mama Nyamusi alitoka nje tulipokuwa tukisoma. Usimhesabie vibaya.

Msichana wako nimemwandikia leo. Wewe njoo Ijumaa ulale huku. Kama tunakupoteza, basi tuuone kwanza uso wako.

Mama Rispa

*

Got Nyuka
Jumapili, 22 Juni 2025

Kwa binti yangu Orpah,

Mimi ndiye niliyekuumiza bila kujua. Barua ya Motari iliandikwa vibaya na ikashushwa kwetu, nasi tukampokea kwa sababu tulikuwa tunamhitaji. Mtu mwenye njaa haulizi sana chakula kimetoka wapi. Yeye hakujua lolote. Huku hatujamwona hata kivuli. Tunamwachilia aje kwenu, ila kura yetu ni asubuhi ile ile ya tarehe 28, si kabla.

Nakuwekea ndani barua aliyoniandikia. Si adabu kumwonyesha mtu barua ya mwingine, lakini wewe ulishafungua yangu, kwa hivyo tumelipana.

Soma pale kwenye mashua. Mimi niliolewa miaka mingi na mtu wa maneno mengi, marehemu sasa. Watu wa aina hiyo wanaficha uchungu katikati ya mzaha, wakitumaini hutauona. Wewe uone.

Gauni usilimalize kulifumua.

Rispa

*

Rangwe
Jumanne, 24 Juni 2025

Mama Rispa,

Nilisoma barua yake nikiwa na pini mdomoni. Nilicheka, karibu nizimeze, kisha nikalia, na mteja wangu akakimbia na nguo yake haijapindwa.

Nilimkosea. Nimefungua simu lakini huko aliko haimpati. Ukimwona kabla yangu, mwambie mwili wa gauni bado uko, ni mikono tu niliyoitoa.

Ila kuhusu Sabato sina la kufanya, mama. Nilikwenda kwa Mzee Masese nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri na hata chai akanipa. Akasema, "Orpah, mara ya kwanza nilitangaza kwa kuamini maneno ya mdomo. Ulisimama pale ukiwa peke yako, na mimi nilikuwa nimesimama karibu nawe sijui niweke uso wapi. Safari hii sitafungua kinywa bila barua mkononi. Nakulinda wewe." Sikuweza kubishana naye. Aliona yale niliyoyaona.

Baada ya hapo makambi ya kanisa yanaanza na matangazo ya ndoa yanangoja mpaka yaishe. Kungoja ninaweza. Ninachoshindwa ni kukaa kwenye benchi na majirani wote wakijua ni siku yangu, halafu yasomwe majina ya wengine. Kwa hiyo Sabato hiyo sitaenda kanisani. Nitafunga duka, nitafunga na dirisha.

Asante kwa kuniita binti.

Orpah

*

Got Nyuka
Alhamisi, 26 Juni 2025

Kwa Mzee wa Kanisa, Masese, Rangwe

KUH: BARUA YA NDUGU MOTARI

Ndugu mpendwa,

Barua haiwezi kukufikia tarehe 28 asubuhi, kwa sababu kura yake ni asubuhi hiyo hiyo. Nimepekua utaratibu wote. Imeandikwa kwamba kanisa lisome mara mbili na lipige kura. Haikuandikwa kwamba lifanye hivyo likiwa ndani ya jengo lake.

Kwa hiyo tutakuja. Tutapigia kura yetu uani kwenu, nami nitaandika barua hapo na kukupa mkononi wino ukiwa haujakauka. Tunaomba kivuli, na kujua choo kiko wapi, maana wengi wetu ni watu wazima. Chakula hatuhitaji, lakini hatutakataa.

Mwambie Orpah aje kanisani.

Rispa, Karani

*

Rangwe
Jumatatu, 30 Juni 2025

Kwa Karani Maroa, bingwa wa kuandika anwani,

Kaa chini kabla hujasoma. Umeketi? Haya.

Nilifika Got Nyuka Ijumaa kabla jua halijashuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba, unanijua. Sikupata nafasi. Mama Nyamusi alinishika mkono mlangoni akaanza Kikisii na hakupumua. Ameniuliza juu ya mito, vilima, koo, na ndizi za aina ambazo mimi nilidhani zimeisha duniani. Mimi Motari, niliyenyamazisha soko la Mwanza, nilikaa nikaitikia ee, ee, mpaka chakula kikaja. Maroa, nililala kwenye kile kitanda. Kina mashuka yamepigwa pasi.

Sabato asubuhi kanisa lote likapanda lori la mchanga la mpwa wa Oliver, mabenchi yamepangwa ndani. Akina mama walivaa vitambaa vyeupe vya Dorkasi, chama chao cha kanisani, na tulipoingia Rangwe tukiimba watu walitoka madukani wakauliza ni makambi yameanza mapema au kuna maiti.

Mzee Masese alikuwa amesimama uani, saa mkononi. Mama Rispa hakumsalimu hata. Alisimama kando ya tangi la maji, akafungua kitabu chake, akasoma mara ya pili. Halafu akasema, "Wanaokubali shemasi wetu Motari aachiliwe ahamie kanisa la Rangwe, waonyeshe kwa mkono."

Mikono haikuinuka.

Nakuambia ukweli, sikujua niombe nini pale. Nilikuwa natazama mlango wa kanisa nikijua Orpah yuko ndani, na nilikuwa natazama wale akina mama ambao hawajanijua hata siku moja nzima, wote wameangalia viatu vyao. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Hakikuja.

Mama Rispa akainua wa kwake kwanza. Ndipo wengine wakafuata mmoja mmoja, kama watu wanaonyanyua ndoo. Oliver aliinua wa kwake akielekea upande wa tangi. Mama Nyamusi alificha yake yote miwili ndani ya leso, akatazama barabarani.

"Imepita," Mama Rispa akasema. Aliandika barua juu ya Biblia, akaupuliza wino, akaiweka kwenye kiganja cha Masese. Masese aliisoma, akaikunja, akaufungua mlango kwa mikono yake mwenyewe.

Orpah alikuwa benchi la pili. Amevaa lile gauni, mikono imerudi, na uzi wa upande mmoja ulikuwa bado unaning'inia. Hakugeuka. Nilikwenda nikaketi karibu naye. "Umechelewa," akasema. Nikamwambia, "Nilikuwa bado mali ya watu." Akanikanyaga mguu, na kisigino chake ni cha fundi anayesukuma cherehani kutwa.

Masese akasimama. Akatutangaza, mimi na yeye, majina kamili, sauti ya kufika sokoni. Watu wa Rangwe walikuwa wananyoosha shingo kama batamaji. Kisha akauliza kama ilivyo desturi: kama kuna yeyote mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, aseme.

Nyuma kabisa, mkono ukainuka.

Maroa, Orpah alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Kanisa zima likageuka. Alikuwa Mama Nyamusi, amesimama katikati ya Got Nyuka yote, leso imemwanguka begani.

"Mama," Masese akasema taratibu, "unapinga ndoa?"

"Ndoa siipingi. Msichana ni mzuri, hata mikono ya gauni ameirudisha. Mimi nazungumzia kura ya kule nje. Karani wetu ameandika 'imepita', anayesoma ataona kama wote tulitaka aende. Mimi sikutaka. Nataka iandikwe kwamba mmoja alikataa kumtoa."

Mama Rispa alifunika uso kwa kitabu. Mtu mmoja akacheka, kisha benchi zima, kisha wakanyamaza, kwa sababu yule mama alikuwa bado amesimama na hakuwa anacheka.

Masese akamgeukia karani wa Rangwe. "Iandikwe," akasema.

Ikaandikwa, Maroa. Baada ya ibada nilikwenda kuiona. Wewe unajua nimejisifu juu ya vitu vingi, vingine vilitokea na vingine vilichelewa kutokea. Hiki sikukisema mimi. Kimeandikwa kwa wino na watu wa kanisa, na chini yake kuna tarehe.

Orpah alikisoma juu ya bega langu, taratibu, kidole chake kikifuata kila neno. Halafu akashika mkono wa shati langu akaukunja vizuri, kama anayepima.

"Kumbe ulikuwa na watu wa kukuzuia," akasema. "Na bado umekuja."

Ndugu yako,
Motari wa Rangwe